Nimekuuliza Maji, Sikukusalimu

Mwanangu, kaa chini, na hiyo simu itie mfukoni. Nina hasira na siifichi. Iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka damu inanichemka, na mchana huu umenirudisha palepale.

Nilikuwa kibarua kwa Mzee Hashimu, mfugaji wa samaki hapa Kimara, mimi na mwenzangu Kasimu. Mzee alikuwa na vifaranga wa ngege, samaki ambao hata huko ziwani kwao sasa ni wa kutafuta kwa tochi. Mama yao aliwalea mdomoni, bila kula kitu, mpaka wakaweza kuogelea.

Siku hiyo maji yao yalipungua. Bomba lilikuwa kavu kwa sababu ya mgao wa maji, basi Kasimu akafungulia mpira wa simtanki, lile jeusi lililoshinda juani. Mzee alipotoka msikitini adhuhuri akauliza, "Kasimu, maji ya watoto vipi?"

"Poa, mzee!"

Mzee akaenda kula kwa amani. Alasiri tukawakuta wote wanaelea, midomo wazi. Maji yakipata joto hewa ndani yake hupungua, na kifaranga hana pa kukimbilia. Mzee akachovya mkono, akauchomoa.

"Haya ndiyo poa? Haya ni ya moto, ya kumkandia mzazi!"

"Mzee, mie nilimaanisha freshi tu, hamna ishu."

"Nimekuuliza maji, sikukusalimu!" Alifoka huku machozi yanamtoka.

Leo nami, mwenye vifaranga wangu sasa, nimekuuliza maji, ukanijibu "poa" bila hata kuinua kichwa. Nimekwenda mwenyewe. Turubai la kivuli hujalivuta, na kipimajoto nimekikuta msumarini, kikavu. Vifaranga walikuwa juujuu wanahema. Nimewaongezea maji ya mtungini kidogo kidogo, maana baridi ya ghafla nayo inaua. Wamepona, lakini si kwa jibu lako, na hilo ndilo linaloniuma.

Sikia basi. Ukiulizwa maji, chovya mkono, soma kipimo, ndipo ufungue mdomo. Kama hujui, sema hujui. Sitakufukuza kwa hilo. Hiyo "poa" wapelekee wenzako kijiweni. Mungu akupe mkono usioona uvivu kulowa, na umri wa kuwaona ngege wakijaa tena ziwani kwao. Amina.

Haya, inuka ukapime. Nakusubiri hapa.