Ngazi za Hekalu la Wajapani

Niliondoka Dallas kwa sababu ya wivu. Bora niseme mapema. Rehema, shoga yangu tangu shule ya msingi Muheza, alikuwa ameniahidi kwamba Desemba tutakwenda nyumbani pamoja. Kisha akanipigia simu: anakwenda Taiwani na jirani yake wa Sugar Land, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwangu, bibi mmoja mzaliwa wa Taiwani, kuangalia mabaki ya hekalu la Shinto, dini ya Wajapani. Mabaki! Jumamosi nikajaza mafuta, nikashika barabara kwenda kumtoa hilo wazo.

Kuanzia Corsicana mpaka Huntsville niligombana naye peke yangu kwenye usukani, na kila hoja nilishinda mimi.

Saa saba mchana niliingia Sugar Land. Bibi mwenyewe, Bi Lin, alikuwa jikoni kwa Rehema, kwenye kiti ambacho huwa nakaa mimi. Rehema alikuwa anammenyea chungwa. Roho iliniuma.

"Shoga, usini-judge kabla hujamsikiliza," Rehema akasema.

Bi Lin akanionyesha picha kwenye simu. Wajapani walipoitawala Taiwani, alieleza, walijenga hekalu la miungu yao kwenye kilima cha mji alikozaliwa yeye, na watoto wa shule wakalazimishwa kupanda kwenda kuinama. Walipoondoka, likabomolewa. Zimebaki taa mbili za mawe, miaka ya Kijapani iliyochongwa juu yake imekwanguliwa kwa patasi, na ngazi ndefu zilizoota majani.

"Sasa unafuata nini kwa watu waliowaonea?" nikamuuliza, na sikuuliza kwa upole.

"Hekalu lilikuwa lao," akasema. "Ngazi ni za mama. Mawe aliyabeba yeye na wenzake kabla ya masomo. Aliwahi kunionyesha ya kwake. Wanangu hawataki kuja, na magoti yangu hayanifikishi."

Mimi na Rehema tulibeba mawe Muheza kabla ya kengele ya shule. Uzito wake kichwani tunaujua.

Jioni niligeuza gari bila Rehema kubadili tiketi. "Mshike vizuri kwenye hizo ngazi," nilimwambia mlangoni. Wivu haukwisha, ulihama tu: sasa namhusudu Bi Lin, anayejua mawe ya mama yake yalipo. Babu yangu naye alibebeshwa mawe, ya barabara, enzi za Mwingereza.

Asubuhi yake nilimpigia mama Muheza.

"Mama, babu alibeba mawe barabara ipi?"

"Alikuwa akisema tu, mawe, mawe. Tukawa tunamcheka, mwanangu. Hakuna aliyemuuliza wapi."