Masikio Niliyoyaosha, Mishumaa Niliyoikuta

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya masikio ya Tororo, mashariki mwa Uganda, sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Tabibu Mkuu wa kitengo, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ya mifuko, aliniketisha mbele ya beseni na kunikabidhi bomba kubwa la chuma, lile tulilotumia kusukumia maji sikioni. Akanituma nichanganye maji ya moto na ya baridi mpaka yawe na joto la mwili, niyapime kwa mkono, niyamwage, nianze upya. Nilifanya hivyo mpaka saa sita mchana. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na cheti changu na majivuno yangu, na nilichukia kila dakika.

Aliponiona nimenuna alisema, "Maji ya baridi yakiingia sikioni, mtu anaona nyumba inazunguka. Ya moto pia. Unataka kuangusha mama wa watu kwenye kiti?"

Sikutaka kumwangusha mtu, nilitaka tu kuonekana nafanya kazi. Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda mkadhani kuosha sikio ni jambo la kijinga, na mimi pia nilidhani hivyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mzee yule alikuwa akinifundisha subira, na subira ndiyo niliyokuja kuikosa siku niliyoihitaji.

Niwaeleze kwanza kuhusu sikio. Mwisho wa lile tundu kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyovutwa kama ya ngoma, ambayo sauti huitikisa. Nta ya sikio si uchafu. Mwili huitengeneza ili kulinda tundu, nayo kwa watu wengi hutoka yenyewe polepole bila kusumbuliwa. Wanaoifanya iwe tatizo mara nyingi ni sisi wenyewe, kwa njiti za kiberiti, vifuniko vya kalamu na pini za nywele, maana tunaishindilia ndani kama pamba kwenye mto. Mgonjwa aliyezibwa tulimwangalia kwa otoskopu, kidarubini chenye taa, tukampa matone ya mafuta ayatumie siku kadhaa ili nta ilainike, ndipo tukaosha. Mtu mzima unamvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Na maji hayasukumwi kamwe kama kiwambo kimetoboka, au kama huna hakika. Shida ni kwamba nta ikiwa imejaa, kiwambo hukioni. Inabaki kumuuliza mwenye sikio.

Tabibu Mkuu aliuliza vizuri sana. Aliketi, akaulizia watoto, mihogo, mvua, kisha sikio. Wagonjwa wake walimweleza hata mambo ya ndoa. Mimi niliona anapoteza muda, foleni imefika nje, wengine wametoka Malaba na wengine wamevuka kutoka upande wa Kenya tangu asubuhi.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kituo cha afya kijijini, upande wa Bulumbi. Huko nilikuwa inchaji, yaani mkuu wa kituo, na cheo kilinipanda kichwani. Mimi ni Mjapadhola wa Tororo, na Lusamia, lugha ya pale, niliijua ya kuombea maji ya kunywa tu, kwa hiyo na wagonjwa wangu tuliongea Kiswahili chetu cha mpakani. Huko ndiko nilikokutana na mshumaa wa sikio.

Kina mama wa kigango cha pale kijijini walikuwa na desturi yao. Baada ya Pasaka walikusanya vipande vya mishumaa iliyobarikiwa kanisani, wakaviyeyusha kwenye sufuria kuukuu, wakachovya utambaa wa pamba na kuuzungusha kwenye kijiti. Ukikauka wanachomoa kijiti, unabaki mrija mwembamba. Mwenye sikio zito analala ubavu, ncha moja inaingizwa sikioni, nyingine inawashwa. Moto ukishakula sehemu kubwa wanauzima, wanapasua kipande kilichobaki, na ndani yake kuna unga wa njano na vitu vya kahawia. Uchafu umetoka, wanasema, na nta hii ni ya Pasaka, haiwezi kumdhuru Mkristo.

Sikuwacheka kwa imani yao, mimi mwenyewe husali. Lakini niliwatukana kwa mshumaa. Mzee mmoja alikuja na ndewe ya sikio imeungua, nami nikamuuliza mbele ya benchi zima ni nani aliyemwambia kwamba sikio ni taa ya chemli. Watu walicheka sana. Mzee hakucheka, na hakurudi kubadilishiwa dawa. Kila siku nilikuwa na neno jipya la namna hiyo, na niliamini kwamba aibu ni dawa, kwamba wakiona haya wataacha. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Mtu huyo ni Nabwire. Alikuwa mwanzilishi wa nyimbo pale kigangoni, yule anayetoa sauti ya kwanza ili wengine wamfuate. Alikuwa mama wa watoto wanne, na sauti yake niliisikia kila Jumapili hata nikiwa bado njiani. Alikuja Jumanne akisema sikio la kulia limeziba na hasikii vizuri wenzake wa upande ule. Niliangalia kwa otoskopu nikaona ukuta wa njano. Ulikuwa mweupe zaidi kidogo kuliko nta ya kawaida. Niliuona ule weupe, na nilikuwa na haraka.

Nilimuuliza hivi, na mpaka leo maneno yangu ninayakumbuka: "Natumaini wewe si mmoja wa wale wajinga wa mishumaa."

"Hapana, sista," alisema.

Nikachukua bomba. Maji yalikuwa na joto sawasawa, hilo nilikuwa nimefundishwa. Nilisukuma mara moja, mara ya pili, na ya tatu Nabwire akashika kiti kwa mikono miwili. Alisema maji yako kooni. Kisha macho yake yakaanza kucheza upande mmoja, akatapika kwenye aproni yangu. Maji yanayoingia sikioni na kufika kooni yanapita njia moja tu, na kila muuguzi wa masikio anaijua. Kiwambo kilikuwa na tundu.

Nilimpeleka Tororo mwenyewe. Tabibu Mkuu, mvi zimejaa kichwani, alimlaza, akafanya kazi kwa taa na ndoano ndogo, taratibu mno, akatoa gamba moja la nta gumu kama ukucha. Halikuwa nta ya mwili. Lilikuwa nta ya mshumaa, iliyodondoka ikiwa ya moto na kuganda juu ya kiwambo, na kando yake palikuwa na tundu. Baadaye akaugonga uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachovuma, akausogeza karibu na sikio la kulia. Nabwire alisubiri. Akatuuliza kama tayari amegonga.

Nje kwenye veranda nilimsimulia mzee nilivyomuuliza Nabwire, kisha nikamuuliza kama tundu lile lilitobolewa na mshumaa au na maji yangu.

"Sitaweza kukwambia, na wewe hutajua maisha yako yote," alisema. "Ninachojua ni kwamba huyu mama alikuja kwako na jibu mdomoni, ukamziba."

Nililia pale pale, wagonjwa wakinitazama. Hakunifariji na hakunikaripia zaidi.

Sikio la Nabwire lilitoa usaha miezi mingi. Tulilikausha, likarudi, tukalikausha tena. Tundu halikuziba lote. Upande ule alibaki anasikia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kuanzisha wimbo akashindwa, maana alisema hajui tena sauti yake iko wapi kati ya sauti za wenzake, na akahamia benchi la nyuma. Mimi sikumwambia kosa langu. Nilimpa dawa, nilimpa pole, nilimwita mama yangu, lakini kwamba nilisukuma maji huku nimeona ule weupe, hilo nilibaki nalo. Kisha nikahamishwa, na nikafurahi kuhamishwa, Mungu anisamehe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kliniki mjini Busia, karibu na mpaka. Huko mishumaa ilikuwa ya kiwandani, miwili miwili ndani ya pakiti yenye picha ya mwanamke mzungu aliyefumba macho. Iliuzwa pande zote mbili, pamoja na sabuni za kung'arisha na mafuta ya mgongo, na wauzaji walisema inatoa nta, inatuliza kichwa, inaondoa mafua. Nilishaacha kutukana. Daktari wa Kanda alipotutembelea kukagua, muuzaji mmoja, mama mpole ambaye alikuwa pia mgonjwa wetu, alimletea kipande kilichopasuliwa kwa nia njema kabisa, auone uchafu uliotoka kwa mteja wake.

Daktari alimshukuru, akanunua pakiti nzima, akamkaribisha akae. Akausimamisha mshumaa kwenye glasi safi ya kunywea maji, akawasha, tukaungoja wote. Ulipobaki kipande aliuzima, akampa yule mama kiwembe apasue mwenyewe. Ndani palikuwa na unga uleule wa njano na vitu vilevile vya kahawia.

"Glasi hii ilikuwa na nta?" daktari aliuliza kwa upole.

Mama aligeuzageuza kile kipande. Alisema basi huu ni mshumaa wenyewe. Daktari akamwambia ndivyo, na kwamba joto lile halivuti kitu chochote kutoka ndani. Kinachoweza kutokea ni nta ya moto kuingia, au ngozi kuungua, au kiwambo kutoboka. Mama yule akauliza juu ya wale aliokwisha kuwauzia. Swali lile lilinichoma, kwa sababu nami nilikuwa na wangu, Nabwire.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Sikuda na kuku wangu, na masikio yangu yenyewe yameanza kukawia. Vijana hunijia na simu wakinionyesha video za watu wanaochoma mishumaa masikioni, wanauliza kama ni kweli. Ninawajibu bila kuzunguka. Haifai na si salama. Haitoi nta, na inaweza kukuachia nta ambayo hukuwa nayo. Sikio lililoziba, kama haliumi na halitoi maji wala usaha na halijawahi kutoboka, tia matone ya mafuta safi siku chache. Lisipofunguka, nenda kwa anayejua kuangalia. Wanaitikia vizuri, wanaondoka. Na kila walipoondoka nilijiona mnafiki, kwa kuwa ninawashauri wote, lakini yule mmoja sijamwambia ukweli.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilipanda pikipiki ya boda hadi Bulumbi. Nabwire alikuwa anapepeta maharage. Amezeeka kama mimi. Alinigeuzia upande wa kushoto wa uso, akanipa kigoda. Nilimwambia yote, kwamba niliuona ule weupe, kwamba niliuliza kwa matusi ili nijibiwe upesi, kwamba nilisukuma maji mara tatu ambapo hata moja sikupaswa. Nilimwomba msamaha kwa jina lake la ubatizo.

Aliendelea kupepeta kidogo.

"Mimi pia nilidanganya," alisema. "Mshumaa nilikuwa nimechoma mara tatu. Nikasema hapana juu ya kuona haya, watu walikuwa wengi kwa benchi." Kisha akaweka ungo chini. "Lakini kuna ingine hujui, sista. Mimi ndio niliambia wamama hapa wasikuje kwako. Nilisema yule mutu anatukana mutu, halafu anamwaga maji kwa kichwa. Hata ulipohama, hawakuenda. Mpaka leo kliniki ya masikio hawaendi. Wanachoma tu."

Nilikuwa nimekuja nikidhani deni langu ni sikio moja. Nilikaa pale nikihesabu Pasaka zote zilizopita, sufuria zote, watoto wote waliolazwa ubavu. Nikamwambia kwamba hayo yote ni yangu.

Nabwire alisema ni yetu, na kwamba nirudi Jumapili.

Jumapili, baada ya ibada, katekista aliwaomba kina mama wabaki. Nilisimama mbele yao bila koti jeupe na bila bomba. Sikuwafundisha. Niliwaeleza nilichomfanyia Nabwire, mwanzo hadi mwisho, na yeye aliyarudia kwa Lusamia wale wakongwe wasikie. Aliposimulia uongo wake mwenyewe alisita, kisha akausema wote. Nilisema maji ya vituo vya afya hayana kosa, kosa lilikuwa mkono na mdomo wangu, na kwamba sasa wapo wauguzi wanaojua kuuliza kuliko mimi. Walinitazama tu. Nikadhani nimechelewa mno.

Ndipo mama mmoja kijana wa benchi la tatu akainuka, amembeba mtoto wa kike wa kama miaka minne, amemfunga kitambaa kichwani ingawa kulikuwa na joto. Alikuja mpaka mbele. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Huyu nilichoma Alhamisi," alisema. "Inatoa maji, na inanuka."

Nilitamani kulishika lile sikio, lakini sikuwa na taa wala chombo, na nilikwisha kujifunza. Nilimwambia asante kwa kunieleza. Nikamwambia asitie kitu chochote, wala mafuta wala maji, na kwamba kesho asubuhi mapema ampeleke kliniki ya masikio. Alimtazama Nabwire, si mimi, kama mtu anayeomba ruhusa.

Nabwire alishuka kutoka pale mbele, akampokea mtoto, akamweka begani upande wake wa kushoto.

"Kesho saa moja niko kwako," akamwambia. "Tunaenda pamoja."