Milioni Moja na Moja

Kiharusi kilimlegeza Mwalimu mkono wa kulia na kumpinda mdomo, basi wanawe wakaamua kwamba akili nayo imekwenda. Walimzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Kifungua mimba wake, fundi wa majokofu mwenye sauti kubwa kuliko chumba chochote anachoingia, alikwisha kumtengea mahali nyumbani kwake.

"Mama, hapa peke yako huwezi."

"Nani kasema?" Mwalimu alikuja juu, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo na asiyafute. "Nitafanya hesabu moja. Nikiikosa, nichukue. Nikiipata, usinitajie tena hicho chumba chako."

Maisha yake yote alifundisha hesabu, na namba aliyoichagua hakuwahi kupata nafasi ya kuimaliza: milioni moja na moja. Alitaka kujua kama ni namba tasa, ile isiyogawanyika kwa chochote ila moja na yenyewe. Ilimbidi aijaribu kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu. Akashika chaki kwa mkono wa kushoto, akaanza kwenye ukuta wa jikoni, tarakimu zikitoka zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Tatu ikakataa, saba ikakataa, kumi na tatu ikakataa. Jikoni kukajaa, akahamia koridoni, akamalizia mlango wa choo. Binti yake aliyekuja kufua alimwambia simu ingeimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua.

"Simu haijapata kiharusi," Mwalimu akamjibu. "Niache."

Yule fundi wa majokofu aliporudi, alimkuta mama yake ameketi jikoni, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

"Tasa," alisema. "Haigawanyiki."

Mwana akatoa simu, akabonyeza, uso ukamshuka. "Mama, inagawanyika kwa mia moja na moja."

Mwalimu aliogopa, aliogopa kweli. Akainuka kwa kushikilia meza, akaitafuta ukutani ile hesabu ya mia moja na moja, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Mia tisa na kumi, toa mia tisa na tisa: alikuwa ameandika mbili. Kosa lilikuwa hilo tu, kwenye kuta zote zile.

"Nimekosea hapa."

"Tulikubaliana, Mama." Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliompandisha hasira.

"Basi nakataa! Nilikosea ubaoni mbele ya darasa zima nikiwa na mikono yangu miwili, na hakuna aliyenifungia virago. Wewe juzi ulimtengenezea mtu jokofu likampashia maziwa moto. Nani alikuhamisha kutoka kwako? Na mimi nitakosea nikiwa kwangu!"

Akafuta ile mbili kwa kiganja, akaandika moja, akagawa hadi mwisho. Ikatoka 9901. Akaitazama, akaanza kuijaribu nayo, kwa tatu.

Mwana akatoka nje kumpigia mkewe.

"Mama haji," alisema. "Hapana, hesabu hakuipata. Amekataa."