Picha Isiyo na Mtu

Tangu baba afariki, mama alikuwa amebaki na paka wake kule Kimulot, na mimi nilitaka sana ahamie kwetu Roret. Baada ya kubembelezwa sana, alikubali kuja kuitazama nyumba. Kuitazama, alisisitiza, si kuhamia.

Basi tukaipamba. Mke wangu aliwahi kusoma jarida moja la mapambo ya nyumba na hajapona hadi leo. Alinipeleka Kericho mjini tukanunua picha ya ukutani, nakala ya mchoro wa kisasa: vipande vya kijani, vikubwa kwa vidogo, na mstari mwekundu ukikatiza katikati, ndani ya fremu nyeusi. Muuzaji alisema picha hiyo ina utulivu. Sikuuona, lakini niliitikia kwa kichwa. Tuliitundika kwenye ukuta mkubwa wa sebule.

Mama alifika na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akaketi, akasali, kisha akainua macho.

"Hii ni shamba ya nani?"

"Si shamba, mama," nikamjibu. "Ni rangi tu."

"Rangi tu." Akaisogelea. "Huyu mtu anachuna majani ya chai vibaya. Ona, hapa ameruka, hapa amekata mpaka kwa mti. Na hii nyekundu ni nini, ama mvua ya mawe ilipiga majani yakababuka?"

Mke wangu akaanza kumweleza kwamba mchoraji hakukusudia kuchora kitu chochote. Mama alimsikiliza kwa heshima ile anayowapa wahubiri wageni. Mimi nilikuwa nauma mdomo nisicheke.

Kisha mama akageuka polepole, akakagua kuta zote nne. Kwa desturi yetu ukuta wa sebule ni wa picha za watu: harusi, mahafali, na waliotangulia wakiwa juu kabisa karibu na dari.

"Na baba yako mmemweka wapi?"

Kicheko kilinikauka. Nilitoa simu mfukoni nikamwonyesha baba, amesimama katikati ya chai yake na kikapu mgongoni.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Baada ya muda mfupi ikajizima, kama kawaida yake, naye akabaki ameinamia giza.

Niliona aibu sana. Nikamwahidi kwamba kesho yake ningeenda kutafuta fremu ya picha ya baba, kubwa kuliko ile.

"Sawa," alisema, akijifunga leso. "Lakini wacha nirudi nyumbani. Kule ukutani tunaonana na baba yako kila asubuhi."