Lifti ya Taasisi ya Tiba

Jengo la taasisi ya tiba ya chuo kikuu lilianza maisha yake kama hoteli. Chuo kilipolichukua kilikuta mazulia mekundu, kengele za kuitia wahudumu, na mwendesha lifti ambaye hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi. Basi akabaki. Baa ikawa maabara, ukumbi wa dansi ukawa darasa la upasuaji, naye akaendelea kuvaa koti lake la vifungo vya shaba na kuwauliza madaktari kama wamelala salama. Wanafunzi wakambandika jina la Meneja. Hakulikataa.

Mkewe, aliyekuwa dobi wa hoteli, naye alibaki kulekule chini, akifua makoti meupe badala ya mashuka.

Asubuhi moja profesa wa mifupa, mama mmoja asiyependa mchezo, alileta kasha refu.

"Meneja, huyu ni mgeni wetu wa kudumu. Mpeleke ghorofa ya tatu, polepole."

"Ana mizigo mingine?"

"Hata nyama hana."

Kabla ya kufika ghorofa ya tatu, lifti ikakwama. Kasha likayumba, kifuniko kikafunguka, na mkono wa mifupa ukatua begani mwa Meneja. Ukelele wake ulisikika mpaka chumba cha kufulia. Watu wakajazana mbele ya mlango wa lifti, mkewe akiwa wa kwanza.

"Baba watoto, uko na nani humo?"

"Niko na mgeni."

"Mbona kimya?"

"Ana hali mbaya kuliko yangu."

Profesa akatangaza kwamba fundi angefika kesho. Meneja kusikia kesho, uvumilivu ukamwisha. Teke moja likalia chini ya vitufe, lifti ikaguna, ikapanda, mlango ukafunguka. Akatoka ameshikana mkono na mifupa.

Wote wakapiga makofi, isipokuwa mkewe.

"Teke hilo umelijua lini?"

"Zamani. Tangu nilipoanza kazi."

"Kabla hujanioa?"

Meneja akatazama viatu vyake. Mkewe akamgeukia profesa. "Enzi za hoteli nilikwama humu na huyu bwana mchana kutwa. Akaniapia kwamba hakuna la kufanya ila kumngoja fundi. Natoka, nimeshachumbiwa."

Profesa akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mkewe akashuka kwa ngazi, na wiki nzima makoti ya madaktari yalipandishwa kwa ngazi hizohizo, mgongoni mwa Meneja. Mwishowe, mkewe akipiga pasi, akamuuliza bila kuinua macho:

"Ulikwama na watu wangapi kabla yangu?"

"Wapishi wawili na mhasibu."

"Wakakaa humo muda gani?"

"Mhasibu alidhani tumesimama tu kupumzika."

Mkewe akainamia kola aliyokwisha kuinyoosha, akaipiga pasi tena, ili asimwone anavyocheka.