Mchanga wa Chini ya Ziwa

Mwaka 2012 nilitoka Kakuma kwenda Eliye, ufukweni mwa Ziwa Turkana, nikiwa mpishi. Ndivyo kibali changu kilivyosema. Sisi wakimbizi hatukutoka kambini bila karatasi, na karatasi ile ilitaka mambo mawili: unakokwenda, na sababu ya safari. Nikaandika Eliye, kisha nikaandika kupika, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa niandike.

Waliohitaji mpishi walikuwa watumishi saba wa serikali kutoka Lodwar, watu waliohamishiwa Turkana kutoka huko ambako wenyeji hukuita "Kenya", kana kwamba hapa ni nchi nyingine. Walikuwa wamekodi mashua ndogo wakazunguke kisiwa cha katikati ya ziwa, waone mamba na ndege aina ya heroe, wapige mbizi, warudi jioni. Mchungaji wa kanisa letu kambini aliwaambia kuwa chapati zangu hazina mpinzani, na hakusema uongo.

Lakini mimi nilikuwa na langu. Nilizaliwa kando ya Nile, Sudan Kusini, ambako tulizamia mizizi ya yungiyungi tungali wasichana wadogo. Kisha ikaja Kakuma, na kwa miaka kumi na moja maji niliyoyajua yalikuwa ya bomba, ya foleni na jerikeni. Nilitaka kuingia katika maji mengi, kichwa na mwili wote. Nilitaka kukiona kisiwa hicho. Sikumwambia mtu, maana mkimbizi akisema anataka kitu kisicholiwa wala kisichotibu, watu humtazama kama aliyeharibikiwa akili. Hilo liliniudhi wakati ule na linaniudhi hadi leo.

Asubuhi kiongozi wa safari, ofisa wa ugavi mwenye filimbi shingoni, aliita majina. Langu sikulisikia.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe dada utabaki na sufuria. Kibali chako kinasema Eliye. Kisiwa hakijaandikwa hapo. Ukishikwa, nitaulizwa mimi."

"Nitashikwa na nani huko, na mamba?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mwenye mashua, ambaye ndiye aliyekuwa kapteni, Mturkana mwembamba asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama majini akitusikiliza. Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyepanda bila kuupitia. Mashua ilikuwa imefungwa mahali ambapo maji yanampita mtu mrefu kimo. Aliyatazama maji kwa muda mrefu, huku na huku, akitafuta mamba, kisha akasema, "Kila mtu ashuke chini, aniletee mchanga. Mwenye hawezi, atavaa boya. Boya iko nne tu. Ikiisha, wengine watabaki."

Ofisa akatoa barua. Ilikuwa na mhuri, na ilithibitisha kwamba wote waliotajwa humo ni waogeleaji. Kapteni aliigeuza, akaangalia upande wa nyuma, akamrudishia.

"Nataka mchanga," akasema.

Basi wakubwa wakavua mashati. Mmoja tu, fundi wa maabara, alizama akaibuka na mchanga. Watatu walipiga maji teke, wakakohoa, wakaomba maboya. Wawili walikumbuka ghafla kwamba wana homa, wakaenda kukaa kivulini. Ofisa wetu alizama kidogo, akaibuka akitweta, akafungua ngumi mbele ya kapteni. Mchanga wake ulikuwa mweupe, safi. Ule wa fundi ulikuwa mweusi, umechanganyika na tope. Bwana mkubwa alikuwa ameingia majini na mchanga wa ufukweni mkononi.

Kapteni hakumwaibisha. Alimrushia boya la nne.

Hapo sikungoja kuitwa. Nilifungua kanga kiunoni, nikaruka majini na gauni langu. Niliogopa, sitaki kudanganya. Miaka kumi na moja ni mingi, pengine mwili nao husahau. Haukusahau. Masikio yaliziba, mikono ikagusa tope, nikachota kwa viganja viwili. Nilipoibuka, mchanga huo mweusi niliumwaga juu ya ubao wa mashua, mbele ya magoti ya ofisa aliyekuwa ameshapanda.

"Huyu mama apande," kapteni akasema. "Boya hahitaji."

"Lakini kibali..."

"Kibali kiko kwenye begi," nikamwambia. "Tukirudi, kisome mpaka ukichoke."

Kisiwani tulipanda mawe meusi, tukachungulia ziwa la kijani lililo ndani ya shimo la volkeno. Mimi ndiye niliyemwona mamba wa kwanza, macho na pua tu, nikawaonyesha. Upande wa pili heroe walitembea kwenye maji ya kina kifupi, vichwa chini, wakila, bila kujali ni nani kati yetu ana karatasi gani. Alasiri kapteni alituruhusu kuingia majini upande wenye mawe. Fundi aliniazima miwani yake ya kuzamia. Chini niliona samaki wakipita kati ya mawe, wengi, bila haraka. Nililia humo humo majini, na sikuona haya.

Ofisa alinishtaki, bila shaka. Kakuma niliulizwa nilifika wapi, nikajibu, "Kisiwani." Nikaulizwa mbona sikuandika kisiwa. Nikasema hakuna aliyeniuliza nilikuwa nataka nini. Kwa jibu hilo nikanyimwa vibali mpaka mwaka uliofuata.

Mwaka 2013 nilirudi kwenye dirisha la vibali kambini. Karani hakuwa mtu mbaya, na chai niliyoiuza dukani kwangu alikuwa akiinywa karibu kila siku. Mahali pa unakokwenda niliandika kisiwa. Kwenye sababu ya safari niliandika kuogelea. Aliisoma karatasi, akainama karibu na dirisha ili wengine wasisikie.

"Mama, hiyo si sababu. Andika Eliye, andika kupika, nitakugongea mhuri sasa hivi."

Mhuri alikuwa nao mkononi, umeshachovywa kwenye wino. Ilikuwa kazi ya maneno mawili tu, na ningekuwa ufukweni Jumamosi.

"Nilishapika," nikamwambia.

Akauweka mhuri chini. Nilirudi dukani kwangu, nikawasha jiko, nikauza chai mpaka jua likatua. Mwezi uliofuata nikapanga foleni tena, na nilipofika dirishani nikaomba kalamu, nikaandika kuogelea.