Mtungi wa Bi Fakhriya

Wifi yangu Fakhriya binti Ubeid hakumwamini mtu. Akienda kununua samaki, atamfunua mashavu mbele ya mwuzaji, kisha anuse, kisha aondoke asinunue. Mimi ni mke wa Hamud, ndugu yake, na tuliishi naye nyumba moja hapa Kariakoo miaka ile ya Mwingereza, kabla ya vita ya pili. Miaka tisa nilimpikia chai, na sidhani kama alipata kuinywa bila kuichungulia. Alipenda kusema kikulacho ki nguoni mwako, na kila akisema ananitazama mimi.

Kazi yake ilikuwa kuuza mafuta barazani: ya ufuta kwa wapishi, ya nazi kwa nywele na ngozi. Ya nazi ndiyo yaliyompa jina. Aliyatia asumini na karafuu, na maharusi wa mitaa yetu hadi ng'ambo ya Mnazi Mmoja walipakwa hayo. Aliyaweka kwenye mtungi wa udongo alioachiwa na mama yake, akaukalisha mlangoni ambapo jua la asubuhi lilikuwa likiupiga, ili wapita njia wauone. Mtungi ule haukumalizwa hata siku moja. Yakibaki kidogo chini, anamiminia mapya juu yake. "Chombo hakikombwi," alikuwa akisema. "Baraka hukaa chini." Na baraka yenyewe ilikuwa mafuta ya mama yake, aliyefariki wakati wa vita ya Mjerumani. Nani angemwambia amwage kilichopikwa na mikono ya mama yake? Mimi sikuthubutu.

Mafuta mapya aliyachukua kwa Mektilda wa Gerezani, Mchaga, mke wa Isidori seremala. Isidori alikuwa hana kazi tangu mwaka uliopita, na mafuta ya mkewe ndiyo yaliyowalisha wao na watoto wao watatu. Mektilda alifundishwa upishi huo na jirani yake Mzaramo, akamshinda. Aliyaacha motoni mpaka maji yakauke yote, akayachuja mara mbili, akayatia kwenye chupa zilizoanikwa zikakauka kau. "Tone moja la maji likibaki, dada, hayadumu," aliniambia. Wifi alipokea chupa zake kwa ncha za vidole. "Mtu wa kwenye migomba," alininong'oneza, "nazi ataijulia wapi?"

Basi Amna, bintiye Bwana Muhiddin, akaposwa. Siku ya kumsinga, yaani kumsugua mwili kwa mafuta na manukato kabla ya harusi, tulikuwa wanawake kama ishirini, bibi harusi kaketishwa mkekani. Bakuli la mafuta ya wifi lilipofunuliwa, harufu ikatoka. Si mbaya ya kutapisha, lakini kali, ya kitu kilichochacha. Shangazi wa bibi harusi, Bi Saadiya, alichovya kidole, akanusa, akamgeukia wifi. Watu wote wakamgeukia wifi.

Nilimwona akibabaika. Jina lake lote lilikuwa ndani ya lile bakuli.

"Mimi sipiki," akasema. "Nanunua kwa yule mama wa Gerezani. Watu wasiokatazwa nguruwe, utajuaje wanatia nini?"

Hakusema ametia, alisema utajuaje, lakini yalitosha. Wanawake waliogusa bakuli walikimbilia uani wakaosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Mafuta mengine yakatafutwa. Na neno likatoka mle ndani likatangulia sokoni kabla yetu.

Siku ya tatu hakuna aliyenunua chupa kwa Mektilda. Siku ya tano alifukuzwa pembeni mwa soko, alipozoea kukaa. Alikuja kwetu. Wifi alijifungia chumbani, akanituma niseme hayupo, nami, Mungu anisamehe, nikasema hayupo huku kanga yake inaonekana chini ya mlango.

Usiku ule sikulala, maana nilikuwa na siri yangu. Katika chupa alizoleta Mektilda mwezi uliotangulia, mimi nilikuwa nimeficha moja. Niliitia kizibo nikaiweka uvunguni, gizani, nijipake bila kuhesabiwa matone. Asubuhi nikaitoa na kumpelekea wifi.

"Nusa. Ni ya siku ileile na zile ulizomimina mtungini."

Alinusa. Yalinukia nazi mbichi. Akanusa tena, akanikazia macho. "Umeibadilisha wewe. Amekutuma?"

Nilipandwa na hasira. Miaka tisa ya kunusiwa chai ilinijia mara moja. Niliushika mtungi nikauinamisha kwenye beseni, naye akapiga kelele kwamba namwaga mama yake. Yakatoka mafuta, kisha yakatoka mazito ya rangi ya kahawia, kisha hakikutoka kitu. Wifi alitia mkono ndani mpaka begani. Akautoa umegandwa na ute wa kunata kama gundi, na ile harufu ya nyumbani kwa Muhiddin ikajaa barazani.

Alikaa chini. "Nimekuwa nikiyaozesha mwenyewe," alisema. Alilia, na sikumbembeleza.

Tulikwenda Gerezani adhuhuri ileile. Mektilda alimsikiliza kasimama, hakutukaribisha kiti.

"Umekuja kuniambia mimi?" aliuliza. "Mimi najua sikutia kitu. Bibi, ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Wifi aliomba auziwe chupa moja. Mektilda alimpa, akakataa malipo.

Siku ya saba ya harusi wanawake walikuwa wamejaa tena kwa Bwana Muhiddin. Wifi alisimama katikati yao akasema yote: mtungi, jua, baraka iliyooza, na uongo wake. Sijamsikia mtu akijivua nguo vile. Alipomaliza, Bi Saadiya akacheka kidogo.

"Yule mama kakulisha nini, Fakhriya?"

"Hajanilisha kitu."

"Mbona umegeuka ghafla?"

Wifi alizibua chupa ya Mektilda, akajimiminia kichwani, akapaka uso, shingo na mikono, mpaka ikabaki tupu. Muda si muda ikaadhiniwa alasiri. Akatia udhu pamoja nasi, akaja kwenye safu anameremeta. Kila mtu alielewa anachokiapia, kwani mwenye najisi mwilini hana swala.

Bi Saadiya alivuta mkeka wake akasogea upande wa pili. Aliyefuatia naye akasogea, kisha wengine. Nilitazama pale alipobaki wifi yangu peke yake, mafuta yakimdondoka masikioni, nikaenda kusimama begani kwake. Tuliswali wawili. Mektilda na watu wake walirudi Moshi kabla mwezi haujaandama.